Msoma Mita

Tarehe tano ya kila mwezi naanzia Kyaliwajjala,
kofia kichwani, daftari kwapani, fimbo kwa ajili ya mbwa.
Watoto huniita Maji.
"Maji kaja!" na geti hufunguka kiasi cha pua.

Mita haijui kuficha.
Yule aliyehamia juzi kwa malori mawili,
makochi yake bado yamevaa nailoni,
namjua kwa tarakimu: uniti arobaini na moja.
Anamwagilia nyasi zilizoletwa zimekunjwa kama mikeka.
Jirani yake, uniti tatu. Mzee Ssebaduka huoga kwa kikombe,
kisha hunitolea risiti zote tangu bomba la kwanza,
kazibana kwa kibanio cha nguo.

Ghorofa ya Bulindo, kilimani, vioo vya buluu:
0004. Mwaka jana, 0004.
Mwenyewe yuko Doha, analinda majumba ya wengine.
Hapa analinda Okurut, anayelala gereji
na kuchota kwa jirani, dumu kwa dumu.
Nikamuuliza, mbona bomba unalo?
Akasema, "Nyumba yenyewe haijaanza kunywa.
Mimi ni nani niitangulie?"

Nyuma ya ukuta huo, vyumba kumi na viwili, mstari mmoja,
mita moja.
Ugomvi ni ule ule: nani ana watoto wangapi,
nani anafua za watu usiku.
Mimi naandika jumla.
Kugawanya si kazi ya kampuni.

Njia hii zamani ilinukia maua ya kahawa,
weupe wa siku tatu, basi.
Sasa ni saruji mbichi na rangi ya mabati.
Bonde tuliloliogopa kwa nyoka limejazwa kifusi,
likapewa jina la kupendeza na mlinzi mwenye filimbi.
Lakini Aprili mvua ikikaza, mafunjo hujikumbuka,
na maji huingia sebuleni bila kupitia kwangu,
bila bili.

Nalweyiso hana mita. Namtembelea nje ya orodha.
Kibanja chake kimebaki kama jino la mwisho:
migomba tisa, makaburi matatu,
mbuzi kafungwa kwenye jiwe la mpaka
lililopandwa usiku na mtu asiyemjua.
Chemchemi aliyoichotea tangu akiwa bibi harusi
imeangukia ndani ya ukuta wa mchungaji.
"Hilo bomba lenu linatoka wapi?"
Ziwani, mama.
"Litoke mbali kote huko, lipite mlangoni kwangu
bila hata kunisalimu?"
Nikacheka.
Kufika kona ya pili, kicheko kilikuwa kimenikwama.

Nami je? Nilianza Ntinda, chumba na nusu.
Kodi ikanisukuma Kireka, Kireka ikanitema Kitukutwe,
sasa niko ng'ambo ya Gayaza, ambako usiku
bado unawasikia vyura kuliko jenereta.
Mji ni sufuria ya wali, na mimi povu:
moto ukizidi, napanda ukingoni,
kisha ukingo wenyewe unahama.
Kila mahali nimefika kabla ya lami.
Kila mahali lami imenikuta nikifunga virago.

Asubuhi naamka saa kumi, nashuka mjini kwa boda
ili nipande tena kuelekea kwa watu
kuwasomea wanachokunywa.
Nyumbani kwangu tunakinga mapaa.

Wiki iliyopita vijana walikuja na sururu,
wakachimba mtaro mbele ya chumba changu, mabomba meusi begani.
Majirani walipiga vigelegele. Mwanangu Kisakye
aliruka mtaro mara ishirini, akihesabu.
Mwenye nyumba alisimama pembeni, mikono nyuma,
naye akihesabu jambo lake.

Jioni nilipita dukani
kuulizia maboksi matupu.