Jozi ya Thelathini na Moja

Kisanduku cha Mkomani kimejengewa ukutani,
usawa wa kifua cha mtu mrefu,
na punda wote wa mtaa huu wamewahi kujikuna kwenye kona yake.
Nimepewa siku mbili kukifungua, kukiondoa,
na kuacha mahali pake sanduku jipya la plastiki,
matundu kumi na mawili ya nyuzi za kioo
na kifuniko kinachofunga kwa mlio mdogo, tik,
kama mtu aliyekataa mjadala.

Kufuli limegoma. Chumvi.
Huku kwetu chumvi hula hata visivyoliwa.
Nimekopa mafuta ya nazi kwa muuza mikate ya mofa,
nikamimina, nikangoja, nikagonga,
nikatukana kidogo. Likafunguka.

Ndani, jozi hamsini za shaba
zimesukwa, zimekazwa, zimeota kutu ya kijani,
na mjusi mmoja ambaye hakuona sababu ya kuhama.
Aliyezipanga ni marehemu Fundi Shekuwe Famau.
Ndiye aliyenifundisha rangi, sijui hata kushika koleo:
nyeupe na bluu, nyeupe na machungwa,
nyeupe na kijani, nyeupe na hudhurungi, nyeupe na kijivu,
kisha anza tena kwa nyekundu.
Nilizikariri nikiyumbayumba, kama alifu na be.
"Waya mmoja hausemi," aliniambia,
"waya husema na mwenziwe.
Ukimwoza huyu kwa mume wa yule,
Bi Zuena atapokea salamu za kiwanda cha barafu."

Kampuni imenitumia orodha. Namba tupu.
Shekuwe hakuandika namba.
Aliandika kwa wino, herufi za Kiarabu, Kiswahili cha Amu,
juu ya vipande vya plasta ya kidonda:
kwa mshona kofia
kwa wenye mlango usofungwa
kwa daktari, alohama
kwa yule anodaiwa, usimwambie mtu

Napima kwanza. Nabana koleo za kipimo, natega sikio.
Kimya. Kimya. Kimya kilichopauka.
Kila mtu sasa ana simu mfukoni,
na mlango usofungwa una kufuli mbili na kibao cha hoteli.
Nakata. Vipande vinaangukia ndooni
kwa sauti ya punje za mtama.

Ya thelathini na moja, nyekundu na bluu,
ina neno moja tu: usikate.
Si jina. Si nyumba.
Nikapima. Imekufa kama dada zake.
Lakini neno la Shekuwe ni neno la Shekuwe;
nikaweka koleo mfukoni, nikaufuata waya.

Umepanda ukuta wa matumbawe,
umevuka uchochoro ambao watu hupishana kwa kuombana radhi,
umezunguka bomba la maji mara mbili,
ukapotea juu ya paa la tatu.
Nikapiga hodi. Nikapanda ngazi, viatu mkononi.
Na huko juu, kwenye yua la saa saba,
waya umekazwa nguzo hadi nguzo,
na juu yake leso mbili, shuka la mtoto,
soksi moja isiyo na mwenziwe.

Bi Mwanamize hakungoja salamu.
"Hiyo kamba yangu.
Shekuwe alinivutia mwaka walonikatia simu.
Alisema, haya, kama hawataki useme, basi anika.
Ukiikata, keti hapo ulishike shuka hilo mpaka likauke."

Nilitazama shuka. Lilikuwa bado linadondoka.

Nimeshuka. Nimefunga sanduku jipya, tik.
Kando yake nimepigilia msumari mmoja
na kuifunga pale jozi moja ya shaba
kwa fundo lake Shekuwe, lile la kurudi nyuma mara mbili.
Mjusi nimemwachia ufa.
Kwenye ripoti, mstari wa thelathini na moja,
chini ya neno Hali,
nimeandika: inatumika.