Ukoko

Mlima ulio nyuma ya maegesho, hapa Wadi Adai,
hauna jina la rangi katika lugha ya mama yangu.
Nimelitafuta miezi saba.

Nilijaribu kahawia, ukawa kahawa.
Nikajaribu kijivu, ukawa majivu ya juzi, ya baridi.
Hudhurungi iliulainisha kama kochi.
Damu ya mzee ilikaa siku mbili;
ya tatu nikaamka, mlima umechinjwa.

Kiswahili hukopa rangi kwa majirani:
zambarau kwa tunda, kijani kwa jani,
manjano kwenye kikapu cha bizari,
na sisi wenyewe maji ya kunde.
Sasa jiwe lisilo jani, lisilo tunda,
linalopikwa na jua tangu alfajiri,
nilikopee wapi?

Mchana nafundisha hesabu, darasa la tisa.
Nikishaswali magharibi nafungua dirisha la jikoni,
natandaza magazeti, namimina mafuta ya kitani
kwenye kisosi kilichopoteza kikombe chake.
Tapentaini inashuka ngazi hadi kwa Kunjumon, dobi,
naye anapanda kulalamika: kanzu za watu
zinanuka karakana. Nampa chai. Anakaa.
Picha haitazami. Anatazama vidole vyangu.
Mtu wa pasi na mtu wa brashi
hujuana kwa malengelenge.

Rangi za maji niliziacha zamani;
kwa joto hili zilikauka kabla sijajuta.
Mafuta yananipa nafasi ya kujuta.
Asubuhi nagusa pembeni kwa kidole:
mbichi bado. Bado tunazungumza.

"Chora farasi," ananiambia Badriya wa duka la fremu, Matrah.
"Chora ngome. Chora dele la kahawa. Vinatoka siku hiyohiyo."
Nilichora farasi mmoja, nikalipa kodi ya mwezi.
Hakunitazama hata mara moja, yule farasi.

Kwa nini mlima huu, basi?
Sijui kulisema vizuri.
Ndio alioukuta mama aliposhuka ndegeni,
mwaka wa sabini na tatu, kutoka Wete,
kijani kimemjaa mpaka machoni,
sanduku la bati mkono huu, sufuria mkono huu,
akamwuliza baba:
"Wamechoma nini hapa?"
Baba, nasikia, alicheka. Hakujibu.
Mimi sikuwepo.
Swali hilo ndilo ninalolipaka.

Jana aliingia jikoni kutafuta mwiko.
Jicho la kulia limeshatolewa mtoto wake, tangu Rajabu,
na sasa anakagua kila kitu, hata vumbi la taa.
Akasimama. Akainamisha kichwa.
"Ukoko," alisema.
"Ule wa pembeni ya sufuria, usioungua sana.
Na wewe umeuunguza."
Akachukua mwiko wake akaenda.

Nikakamata kisu.
Kuanzia kileleni, upande wa kushoto,
nilikwangua mpaka turubai ikaonyesha nyuzi,
na pale rangi ilipogoma kutoka
ukabaki utando mwembamba, wekundu kwa mbali,
wenye mafuta,
kama kitu ambacho watoto wangekigombania.

Niliacha kukwangua.
Chini, pasi ya Kunjumon ilikuwa inapumua.
Sijui kama umekwisha.
Sijaugusa tena. Ni mbichi.