Daftari la Kivuko

Daftari ni la shule, jedwali la kuzidisha liko mgongoni,
mchwa wamelila kuanzia Novemba.
Mwandiko ni wa babu yangu, Ambokile Mwaisumo,
aliyeishia darasa la nne
na sijasikia kama aliwahi kumwandikia mtu barua.

*Boti limefika. Mbao za mvule. Fundi bado ananidai.*

Waliliita Tuntufye,
kwa rangi iliyobaki kwenye milango ya kanisa,
herufi N imegeuka nyuma
kama mtu aliyekumbuka amesahau kitu nyumbani.

Mtu mzima, senti hamsini.
Kuku akipakatwa, bure; akiwekwa chini, senti tano.
Baiskeli hulipa kama mtu.
Mkunga halipi.
Maiti halipi, ila wanaomlilia wanalipa.

Songwe ni mpaka, kila mtoto wa Kyela anajua,
lakini humu ndani hakuna jina la nchi hata moja.
Ameandika *huku*, ameandika *kule*.
Kule, harusi. Huku, msiba.
Kule sukari imepanda, huku sabuni haipo.
Shilingi na tambala zililala kopo moja la maziwa ya unga
na asubuhi hazikuwa zimegombana.

Aprili: *Mto umejaa. Hatuvuki.*
*Hatuvuki.*
*Hatuvuki. Kiboko gatini.*
*Tumevuka. Tumpe na mama yake, usiku, uchungu umemkamata.*
Halafu, siku tisa chini:
*Walikwenda wawili, wamerudi watatu. Nimetoza wawili.*
Yule wa tatu leo anauza vitenge Kasumulu
na anaogopa maji.

Kisha ukurasa wenye doa la chai, au matope:

*Mto umeondoka. Haukuaga.*

Bibi ndiye hunisimulia yaliyobaki.
Mvua ya wiki mbili, kishindo kama mlima unajikuna,
na kulipokucha Songwe ilikuwa imejikatia njia nyingine,
katikati ya kakao ya kina Mwakatobe.
Shamba lake la mpunga lililala huku, likaamkia kule.
Wakaja mabwana wenye kofia na futi kamba,
wakapima, wakanywa togwa, wakaondoka.
Tuntufye limebaki kwenye dimbwi
na kambale saba, ambao tuliwala.

Babu aliendelea kwenda kazini.
*Jumatatu, hakuna. Jumanne, hakuna.*
*Alhamisi, mbuzi wawili wamepita kwa miguu. Sikudai.*

Baadaye boti likawa hori la ng'ombe,
baadaye chombo cha kulowekea mbegu,
sasa kuku wanaatamia ndani yake, bure.
Huko mto ulikohamia kuna vijana wenye mapipa ya plastiki na kamba;
nauli unatuma kwa simu,
na gati wanalisogeza kila masika
kama mtu anayefuata kivuli na kigoda chake.

Kurasa za mwisho ni za wadaiwa.
Karibu wote wamekatwa mstari, wengine mara mbili,
kwa hasira au kwa furaha, siwezi kujua.
Mmoja tu yuko mzima:

*Atuganile, safari moja, kwenda kule. Atalipa akirudi.*

Nilichukua kalamu nimfute.
Bibi akaniuliza, "Umemwona?"
Nikasema sijamwona.
"Basi acha deni la watu."

Senti hamsini.
Hata sarafu yenyewe haipo tena.