Mita Kumi za Kocha Musembi

Kocha Musembi hapimi uwanja kwa tepu.
Anapima kwa viatu vyake, namba kumi na moja,
kisigino kwa kidole, akihesabu kwa Kikamba,
toka mkebe wa rangi wa kwanza hadi wa mwisho.
Hapa, anasema, ndipo mechi ilipo.
Mita mia tuwaachie wenye njia zao peke yao.

Ni Julai. Kangemi imejifunika ukungu,
maramu imeshikana kama ugali wa jana.
Kamba kiunoni, tairi la lori nyuma yetu,
lenyewe halina haraka ya kufika popote.
Kageha analivuta huku akilitukana;
amelipa jina la mwenye nyumba wake,
ingawa kodi hajalipa.

Mimi nina miaka thelathini na mitatu,
namba mbili mgongoni, magoti yenye kumbukumbu.
Nguvu ninazo. Gunia la mchanga, kilo sitini,
nalilaza begani kama mtoto aliyesinzia,
nachuchumaa, nainuka, nachuchumaa tena,
mapaja yakiwaka kama jiko la makaa.
Lakini Jerop, aliyemaliza shule juzi,
ananipita kabla ya mkebe wa pili
na kuniachia vumbi la kutafuna.

"Mwenda pole hajikwai," namwambia kocha, nikihema.
"Kweli. Na mwenye mpira hamwoni tena."
Kisha, kwa sauti ya chini, wengine wasisikie:
"Wewe hukosi mbio, Nyaboke. Hujui kusimama."

Nikacheka.
Nani asiyejua kusimama?
Hata mlango unajua.

Basi wiki nzima, kusimama.
Kimbia, funga breki, keti juu ya kigoda kisichokuwepo.
Hatua fupi! Fupi! Unakanyaga kama unadaiwa!
Kushoto, kulia, nyuma, kulia.
Usimtazame macho, macho hudanganya,
mabega nayo huongopa; tazama kiuno,
kiuno kikienda, mtu mzima ameenda.
Usiku nashuka ngazi za ploti kinyumenyume,
nimeshika ukuta, jirani akidhani nimelewa.

Saa ya kocha ina ufa kiooni.
Julai ilisema sekunde mbili na nukta moja.
Leo, Septemba, inasema mbili kamili.
Miezi miwili ya jasho kununua nukta moja,
na hakuna duka litakalonirudishia chenji.

Halafu zamu ya mmoja kwa mmoja.
Jerop anakuja na mpira kwapani, mwepesi,
bega linaimba kushoto. Kiuno kimekataa.
Nami, kwa mara ya kwanza, sikupitiliza.
Nilikuwa pale. Nimesimama, nimekaa chini, nasubiri,
naye akaja mwenyewe hadi kwenye bega langu
na sote wawili tukaibusu maramu.

Alikuwa akicheka, meno mekundu kwa vumbi.
Kocha hakupiga makofi.
Alikwenda polepole hadi mkebe wa mwisho,
akausogeza mbele
kiatu kimoja.