Bakuli la Bati

Ndoo mbili za pilipili kichaa,
za mama mmoja wa Mwanjelwa anayeuza achari:
nizipasue, nitoe mbegu, Jumamosi ziwe tayari.
Nikazishika mikono mitupu.
Glavu ni za hospitali, nilisema,
na mimi si mgonjwa wala daktari.

Ndoo ya kwanza haikusema kitu.
Ya pili ilipofika nusu
vidole vikaanza kunong'ona,
kisha vikapiga yowe.
Nikakimbilia pipa la mvua, Tukuyu maji hayaombwi,
nikatumbukiza mpaka viwiko.
Maji yakauchukua moto vidoleni
yakautembeza hadi kwenye kifundo.
Nikanawa tena. Ukatembea tena.
Nikakaa kizingitini, mikono juu
kama mtu aliyekamatwa na polisi,
kamasi zinanitoka na siwezi kuzifuta.

Ng'ambo ya migomba mtu akakohoa.
Nakijua kikohozi hicho. Miaka sita ya ndoa
sijapata kumtazama mkwe wangu usoni,
ndiyo heshima ya kwetu: akitokea njiani
mimi naingia kwenye kahawa.
Namjua kwa kofia, kwa mgongo,
kwa alama ya buti la kushoto lililopasuka kisigino.

Akamtuma Lwitiko, miaka mitano, mjumbe asiye na breki:
"Mama, babu anasema acha maji!
Anasema maji ni mmbeya, yanausambaza tu!
Anasema mafuta ya kula, upake, usugue,
halafu sabuni ya mche, halafu mafuta tena.
Anasema usijishike macho!
Anasema... babu, na nini tena?... anasema maziwa!"

Na maziwa yenyewe yalikwishafika,
ya jioni, yaliyokuwa yaende kwa mnunuzi,
bakuli la bati chini ya mgomba wa mwisho
na mgongo unaondoka.

Nikaloweka. Moto ukapungua
kama mgeni anayeaga, akarudi mlangoni, akaaga tena.
Alijuaje?
Marehemu mama mkwe alikuwa akianika pilipili
juu ya paa lile la jiko, nasikia. Sikumkuta.
Basi iko mikono mingine
iliyowahi kushikwa ndani ya bakuli hili.

Usiku nikaliosha.
Sabuni, majivu, sabuni.
Nikagusisha ulimi ukingoni, kujaribu.
Nikaliosha tena,
lisije likamchoma mdomo.