Hatua Mia Mbili

Stoo yetu iko chini ya ghorofa nane,
namba kumi na saba, kati ya baiskeli za Ireneusz
na mitungi ya mama ya matango ya siki.
Juu, Łódź imejifunika theluji yenye masizi.
Huku chini nina mota tatu, nzito kama mawe ya kusagia,
na mashine ya kuchonga chuma
niliyoiunda kwa vyuma vya lifti iliyong'olewa.

Nilianza na ubao wa buluu, wa bei ya kutupa,
vidhibiti vitatu juu ya kipande kimoja,
mapacha wanaogombea shuka.
Ireneusz alinionya: usichomoe waya wa mota
umeme ukiwa ndani.
Nikachomoa.
Tak. Moshi mwembamba, harufu ya ukucha ulioungua.
Asiyesikia la mkuu, wamesema;
lakini Ireneusz si mkuu, ni dereva wa tramu,
na guu langu ni zima. Kilichovunjika ni mfuko.

Mara ya pili nilinunua kimoja kimoja,
kila mota na chake, ndani ya gamba la alumini lenye mapezi.
Afadhali afe mmoja, wawili wabaki.

Nyaya nne, na karatasi ya rangi zake imepotea.
Mama akashuka na chai, kwa ndara zake za sufu.
Nikagusanisha nyaya mbili, yeye akazungusha mhimili kwa vidole.
Laini, akasema. Nikabadilisha. Laini bado.
Nikabadilisha tena.
Hapa pagumu.
Basi hao ni mtu na mkewe, akasema,
na hao wawili waliobaki, watake wasitake.

Swichi nane nyeupe, ndogo kuliko punje za mchele;
nilizisukuma kwa ncha ya sindano yake.
Kibandiko cha mota kinadai ampia tatu.
Nimeipa mbili na nukta saba,
kama mgonjwa apewavyo uji: kidogo, halafu tuone.
Hatua mia mbili hutimiza mzunguko;
kila hatua nikaikata mara nane.
Mzunguko mmoja, skrubu yasogea milimita tano.
Gawanya: mapigo mia tatu na ishirini kwa milimita.
Nimeyaandika kwa penseli kwenye kifuniko cha matango.

Ikaenda. Kisha, kwenye mwendo fulani, ikaanza kunguruma,
mitungi ikagongana rafuni.
Mama hakushtuka. Miaka thelathini kwenye vitambaa:
Kila mtambo una kasi yake ya kulalamika.
Usikae hapo. Upite upesi.

Nikapita upesi, upesi mno.
Mraba ukatoka umepinda,
na mashine ikarudi kwenye sifuri yake
milimita tatu kando ya sifuri yangu,
bila haya.
Haina macho. Huhesabu mapigo iliyoamriwa,
na iliyojikwaa haijui kuwa ilijikwaa.
Nikapunguza pupa ya kuanza, siyo mwendo.

Mama akaweka kiganja juu ya mota ya wima.
Ina moto, na haijaenda popote.
Inashikilia, nikamwambia. Ikiachia, kichwa chote kitashuka.
Kiganja kikabaki pale,
kile kilichomgeuza baba kitandani miezi kumi na minne.
Ipunguzie basi, ikiwa imesimama.
Kuna swichi ya hilo, mama. Ya nne.
Ikitulia hupewa nusu.
Nusu inatosha?
Kwa kushikilia tu, inatosha.

Itachonga nini, akauliza, baada ya fedha yote hii?
Kishikio cha oveni, kilichovunjika tangu Pasaka.
Akacheka, akachukua bilauri.
Taa ya ngazi iliungua juzi, wala hakuiulizia;
tangu ukungu uanze kumwingia machoni
hupanda kwa hesabu, kwa sauti:
moja, mbili, tatu,
nikamsikia akifika kumi na moja, akasita,
akaanza tena kumi.