Upande Mzito

Maniago, mji wa visu. Karakana yangu ghorofa ya chini.
Kila nikiwasha mashine ya kunolea
vikombe vya Bi Oliva, huko juu,
huanza safari kwenye rafu,
kimoja kimoja, hadi ukingoni.
Viwili vimekwisha fika sakafuni.
Alinishushia vigae ndani ya bahasha.

Basi leo nimefungua nati,
nimelitoa jiwe, nimeligonga kwa mpini wa bisibisi.
Likalia kama kengele: zima, halina ufa.
Nikalitia mhimili, nikaliweka
juu ya vyuma viwili vilivyonyooka,
nikaliacha lijisemee.

Likabingirika kidogo,
likasita, likarudi,
likatulia, uzito chini.
Nikatia chaki juu. Nikalisukuma.
Chaki ikarudi palepale.
Mara tano.
Jiwe halijui kusitiri.

Nikavisogeza vipande vya shaba kuelekea chaki,
unywele, nusu unywele,
chai ikapoa,
hadi likakubali kusimama popote nilipoliachia.

Nimewasha. Sarafu ya senti hamsini
imesimama wima mgongoni mwa mota.

Saa nne, hodi.
Bi Oliva na kandambili zake:
“Ermes, mbona kimya?
Unaumwa?”